Skolastika na Moto wa Novemba

Skolastika Beyuo ana kovu lililoanzia kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto hadi karibu na kiganja, limejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, na hajawahi kulificha hata siku moja. Kanisani huvaa blauzi ya mikono mifupi. Sokoni hupimia watu karanga kwa mkono huohuo. Akija mgeni akalikodolea macho, humwambia, "Tazama tu, hakuna kiingilio," kisha humsimulia mwenyewe, kwa sababu hapendi habari zake zisimuliwe na watu ambao hawakuwepo.

Alilipata akiwa na miaka thelathini na miwili. Ilikuwa Januari, harmatani imekaza, upepo ule wa jangwani unaopasua midomo na kukausha mate kinywani. Mumewe, Linus, alikuwa kusini, Techiman, alikokwenda kutafuta kibarua cha mashambani kama wanaume wengi wa kijiji chao cha Kuotang wafanyavyo kila kiangazi. Nyumbani alibaki yeye, watoto watatu, na mama mkwe wake, bibi Pogzie, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea. Saa sita mchana wawindaji wa kijiji wakatia moto nyasi za upande wa mashariki ili ndezi na sungura watoke walikojificha. Baba zao walifanya hivyo, na babu zao pia. Siku hiyo upepo ukageuka. Hata sufuria ya ugali haijaepuliwa, moto ulikuwa umeshavuka mashamba na kuingia uani.

Aliwatoa watoto kwanza, akawakimbiza hadi kwenye kiwanja kitupu mbele ya kanisa. Aliporudi alikuta paa la nyasi la chumba cha bibi Pogzie linawaka, na bibi mwenyewe ameketi kitandani, rozari mkononi.

"Niache, mwanangu," bibi akasema. "Mimi nimeshaishi vya kutosha."

"Hujaishi vya kutosha. Hujanifundisha kile kiungo chako cha mchuzi," Skolastika akajibu, akamgeuzia mgongo, akambeba kama mtoto. Mlangoni boriti iliyokuwa ikiwaka ikachomoka juu na kumwangukia mkononi. Hakumwachia bibi.

Kuotang ilipoteza nyumba nne siku hiyo, maghala sita ya mtama, na miti ya shea ambayo Skolastika alikwenda kuihesabu mwenyewe, mmoja mmoja, mkono ukiwa umefungwa kitambaa: arobaini na mmoja. Nyumba hujengwa tena. Mtama hulimwa tena. Lakini mti wa shea huota wenyewe, mtu huulea tu kwa kutoukata, na hupita miaka kumi na tano, hata ishirini, kabla haujatoa tunda la kwanza. Wanawake ndio huokota zile kokwa na kukamua siagi yake, na siagi hiyo ndiyo ada ya shule, ndiyo chumvi, ndiyo dawa ya mtoto usiku homa ikimpanda. Wanaume waliona nyasi zimeungua. Wanawake waliona miaka ishirini imeungua.

Mkuu wa wawindaji alikuwa Dabuo, kaka mkubwa wa Linus. Kesho yake alikuja akasimama mbele ya ghala lililobaki majivu, akavua kofia.

"Upepo huu, shemeji," akasema.

"Upepo haujawahi kununua kiberiti, shemeji," Skolastika akamjibu.

Dabuo akavaa kofia yake akaondoka. Kwa miaka miwili hawakusemezana zaidi ya salamu.

*

Katika mwaka wa tatu akaja afisa wa zimamoto kutoka wilayani, mtu mrefu mwenye sauti ya kuhubiri, jina lake Akolgo. Alikuwa Mfrafra wa huko Bolgatanga. Wafrafra na Wadagaaba, kabila la watu wa Kuotang, ni watani wa tangu zamani, kwa hiyo hata kabla hajashuka kwenye pikipiki yake alikuwa ameshatukanwa na nusu ya kijiji, naye akawa amewarudishia wote.

Akawakusanya kiwanjani pale kanisani, akaeleza kwamba anataka watu kumi na wawili wa kujitolea, awafundishe kuzuia moto wa porini. Vijana na wanaume kumi na mmoja wakanyoosha mikono. Akawa amebaki mmoja. Skolastika akasimama, akajifunga kitenge sawasawa.

"Afande, niandike."

Kicheko kikapita kiwanja kizima. Dabuo, aliyekuwa amekaa mbele na wawindaji wenzake, akageuka. "Shemeji, huu si moto wa kupikia maharage."

"Najua. Wa maharage nikiuwasha huwa siukimbii."

Wanawake wakapiga vigelegele hadi mbuzi wakashtuka. Akolgo akajifanya anakuna kidevu.

"Wewe mama, unajua nini kuhusu moto?"

"Najua nyinyi Wafrafra mnautumia kuchomea mbwa. Yaliyobaki nifundishe."

"Loo! Mtumwa wangu ana mdomo!" Akolgo akasema, kama watani wa huko waitanavyo, akachomoa kalamu. "Haya, nimekuandika. Lakini siku ya kumaliza mafunzo kichwa cha mbwa utakileta wewe."

"Nikikuletea utasema ni kidogo."

Hivyo ndivyo alivyoingia, kwa mzaha. Lakini mafunzo hayakuwa mzaha. Walijifunza kushika vipigio, yaani miti mirefu yenye vipande vya tairi kuukuu kichwani, na kuvishindilia juu ya mwali badala ya kuvipepea, maana ukipepea unaulisha. Walijifunza kubeba mabomba ya mgongoni, yale ya kunyunyizia pamba dawa, yakiwa yamejaa maji. Walijifunza kwamba mahali salama kuliko pote moto unapokuja ni pale ulipokwisha kupita, kwenye majivu, kwa sababu hauna cha kurudia.

Na walijifunza jambo ambalo Skolastika alilisikiliza bila kupepesa macho: moto wa mapema. Mwezi wa Novemba, Akolgo alisema, nyasi zikiwa nusu mbichi nusu kavu, ukiziwasha alasiri moto hutambaa chini, hauruki, haupandi mti, na jioni umande ukianza kushuka unazimika wenyewe. Ukichoma hivyo ukanda kuzunguka kijiji, Januari moto mkali ukija unakuta meza tupu.

"Siku gani ya Novemba?" Skolastika akauliza.

"Mwanzoni. Wiki ya kwanza, ya pili."

"Nyasi za bondeni na za mlimani hazikauki siku moja, afande. Za kule kwenye mawe zinatangulia. Za mtoni zinachelewa hata wiki tatu."

Akolgo akamtazama kwa mara ya kwanza bila utani. "Umejuaje?"

Alijua kwa sababu kabla ya kuolewa kazi yake na mama yake ilikuwa kukata nyasi za kuezekea. Miaka tisa alitembea maporini mwa Kuotang na mundu mkononi. Kila nyasi aliijua kwa jina, akajua ipi inavunda, ipi inaliwa na mchwa, ipi hukauka kuanzia juu na ipi kuanzia chini. Hakuwahi kufikiri kwamba hayo ni maarifa. Ilikuwa riziki tu. Akang'oa unyasi mmoja pale alipokaa, akaukunja mbele ya Akolgo. Ukapinda bila kuvunjika. "Huu bado." Akang'oa mwingine karibu na ukuta wa kanisa. Ukalia ta!, ukavunjika, lakini nyuzi zikaushikilia. "Huu ndio leo." Wa tatu ukakatika vipande viwili. "Huu umechelewa. Huo usiuguse kwa kiberiti, uufyeke kwa jembe."

Akolgo alitoa daftari lake, akaandika.

*

Ningependa kusema kwamba mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Haukwenda.

Walilima mistari miwili ya udongo mtupu, hatua ishirini kutoka mmoja hadi mwingine, ili wachome nyasi zilizo katikati. Kazi hiyo ilichukua wiki nzima, na kila siku walipita watu wakiwauliza kama wanatengeneza uwanja wa ndege. Siku ya kuchoma, Skolastika, aliyepewa kazi ya kukunja nyasi na kutaja saa, alikuwa amechoka na maneno. Alikuwa amesema saa kumi alasiri. Wenzake wakawa wanamtania kwamba anaogopa. Saa saba akasema haya, washeni.

Kwa muda moto ulitambaa kama ulivyotakiwa. Kisha ukaja upepo wa kuzunguka, ule mdogo wa mchana, ukanyanyua majani yanayowaka na kuyavusha mstari. Waliuzima, lakini si kabla haujala mafungu ya nyasi za kuezekea yaliyokuwa yamelazwa nje ya nyumba moja. Nyumba ya Dabuo.

Dabuo alitoka akasimama juu ya majivu yale.

"Wangu ulikuwa upepo," akasema polepole, watu wote wakimsikia. "Wako je, shemeji?"

Skolastika alihisi uso unamuwaka kuliko siku alipoungua. Angeweza kuwataja wenzake waliomharakisha. Angeweza kutaja kile kimbunga.

"Wangu ulikuwa mimi," akasema. "Nilisema saa kumi, nikawasha saa saba."

Kuanzia kesho yake aliamka alfajiri akachukua mundu, akaenda bondeni kukata nyasi. Alizikata yeye, akazifunga yeye, akazibeba kichwani yeye hadi mlangoni kwa Dabuo. Rafiki yake Eulalia, mpika pombe ya mtama, alitaka kumsaidia, akakataa. Siku nyasi zilipotosha paa zima, Dabuo alitoka ndani na kibuyu cha maji, akampa kwa mikono miwili.

"Umezifunga vizuri," akasema. "Fundi wangu hafungi hivi."

Ndiyo yalikuwa maneno yote. Lakini Skolastika alirudi nyumbani na sheria tatu ambazo hazijavunjwa Kuotang mpaka leo. Hakuna moto kabla ya saa tisa alasiri. Hakuna moto bila watu kusimama na maji pande zote mbili. Na hakuna wa kuwasha mpaka mkunja nyasi aseme, hata kama mkuu wa wilaya mwenyewe amekuja na gari lake anasubiri.

Mwaka wa pili ukanda ulikamilika upande wa mashariki. Mwaka wa tatu ukazunguka kaskazini. Wanawake walianza kujiunga, kwanza Eulalia, kisha wengine, kwa sababu waligundua kitu ambacho wanaume hawakukitazama: ndani ya eneo lililokingwa, visiki vya ile miti ya shea iliyoungua vilikuwa vinachipua.

*

Waliobaki walikuwa wawindaji. Unaweza kuzungushia kijiji ukanda, lakini kama kila Januari kuna watu ishirini porini na vijinga vya moto, unafua nguo huku mtu anazimwagia tope.

Skolastika akawafuata kwenye kilabu cha pombe cha Eulalia, siku ya soko, wakiwa na vibuyu vyao. Mwanamke aliyekuja kunywa hupishwa nafasi. Mwanamke aliyekuja kuwahutubia wawindaji ni habari nyingine.

"Sikuja kuwakataza kuwinda," akaanza.

"Ahsante, mama askofu," mmoja akasema, wakacheka.

"Nataka kuwauliza swali. Paa anakula nini Januari?"

Wakatazamana. "Anakula alichopata," Dabuo akasema.

"Anapata nini, na nyinyi mmemchomea kila kitu? Anahama. Miaka hii mnatembea mpaka wapi kumpata? Mnavuka mto. Mnalala huko. Wake zenu wanajua." Akaketi bila kukaribishwa. "Nipeni bonde moja. Bonde la Nyagli tu. Nilichome Novemba, vipande vipande, kimoja hiki, kingine pale, kama nguo yenye viraka. Desemba majani mapya yatatoka kwenye viraka. Mnyama atafuata ubichi na kujificha kwenye nyasi zilizobaki pembeni. Nendeni na mbwa na mishale, bila kiberiti. Msipopata kitu, mimi mwenyewe nitasimama kanisani niseme Dabuo alikuwa na haki."

"Useme kwa sauti?" Dabuo akauliza.

"Kwa kipaza sauti cha padri."

Hiyo ilimtamanisha. Wakaafikiana, na mtunza ardhi, yule mzee ambaye bila yeye hakuna anayegusa pori la Kuotang, akadai kuku mweupe wa kuombea bonde. Kuku alipoletwa akasema ni mwembamba, akaletewa mwingine.

Skolastika alilichoma Nyagli kwa siku sita tofauti, kila kiraka kwa saa yake. Katikati ya Desemba majani yalitoka, laini, kijani ambacho macho yalikuwa yameshakisahau kwa msimu. Na katika wiki ya Krismasi Dabuo alikwenda na mbwa wake wanne, akarudi kabla jua halijawa kali, paa mabegani.

Hakusema ahsante. Alimtuma binti yake apeleke mguu wa nyuma wa yule paa nyumbani kwa Linus. Bibi Pogzie, aliyekuwa bado hai na akishindana na magoti yake, aliupokea akaugeuza huku na huku.

"Yule mtoto wangu tangu alipokuwa mdogo hajui kuomba radhi kwa mdomo," akamwambia mkwewe. "Upike vizuri. Huo ndio msamaha wenyewe."

Bibi aliishi miaka tisa baada ya siku ile ya moto. Kile kiungo cha mchuzi alimfundisha Skolastika mpaka akakijua.

*

Siku kubwa ilikuja mwezi wa Februari, mwaka ambao mvua zilikuwa zimenyesha kupita kiasi, na nyasi zikawa ndefu kuliko watu. Saa nne asubuhi moshi ulionekana ng'ambo ya magharibi, kijiji cha Gbarituo. Saa tano haukuwa moshi tena, ulikuwa ukuta, na ngurumo yake ilisikika kabla hujaona mwali wowote.

Kikosi kilikuwa na watu ishirini na sita wakati huo, kumi na mmoja wanawake, na Skolastika ndiye aliyekuwa akikiongoza, ingawa hakuna aliyewahi kumpa cheo. Kengele ya kanisa ilipigwa. Kila mtu akashika mahali pake. Mwalimu wa shule aliwapanga watoto mstari mmoja akawatoa darasani akawapeleka kwenye ukanda uliochomwa Novemba, wakaketi kwenye ule weusi kama walivyofundishwa, kaptura zao za kaki zikichafuka, hakuna aliyelia isipokuwa wa darasa la kwanza mmoja aliyesahau kiatu.

Upande wa kaskazini moto ulifika kwenye ukanda, ukanyoosha shingo, ukakosa cha kushika, ukafa. Watu wakashangilia. Skolastika hakushangilia, kwa sababu alikuwa anafikiria nyuma ya shule.

Novemba ile, wiki ambayo nyasi za nyuma ya shule zilikuwa tayari, kulikuwa na msiba mkubwa kijijini. Marimba zililia siku nne, na hakuna mtu wa Kuotang aachaye msiba akachome nyasi. Matanga yalipokwisha, nyasi zilikuwa zinakatika vipande viwili. Akaagiza zifyekwe kwa jembe. Zilifyekwa nusu. Mara mavuno, mara harusi, mara yeye mwenyewe aliugua. Sasa ile nusu iliyobaki ilikuwa imesimama, mita mia mbili, kavu kama karatasi, na moto ulikuwa unaizunguka kuja.

Alikimbia. Alipofika kwenye njia ya shule alimkuta Dabuo na wawindaji wake kumi wameshatangulia, kila mmoja na kijinga mkononi. Miaka hamsini na nane alikuwa nayo Dabuo, na maisha yake yote alikuwa akiwasha moto porini bila kumuuliza mtu.

"Hapa maji hayatoshi," akasema. "Tuukabili kwa moto."

"Tuukabili."

"Basi niambie niwashe wapi."

Skolastika akamtazama. Hakukuwa na muda wa kushangaa. "Ukingo wa njia, upande wa kule, mstari mmoja, wote kwa pamoja. Vikosi vya vipigio nyuma yenu, cheche isivuke njia. Lakini msiwashe mpaka niseme."

"Shemeji, unakuja."

"Naona. Msiwashe."

Upepo ulikuwa bado unapuliza kuelekea shuleni. Wakiwasha sasa, moto wao wenyewe ungewarukia na kula mapaa. Alijua, Akolgo alimfundisha na yeye akajionea mara mbili, kwamba moto mkubwa ukikaribia huvuta hewa kuelekea kwake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga chafya. Wakati huo mfupi tu, upepo wa chini hugeuka. Akachota vumbi akaliachia. Likaenda shuleni. Joto likaanza kuuma nyusi. Akachota tena. Likaenda shuleni. Kijana mmoja akarudi nyuma hatua mbili, Dabuo akamshika ukosi bila kumtazama akamrudisha.

"Shemeji," Dabuo akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea kanisani.

"Bado."

Akachota mara ya tatu. Vumbi likashuka wima, likasita, kisha likainama kuelekea motoni.

"Sasa!"

Vijinga kumi na kimoja viligusa nyasi kwa mpigo mmoja. Moto wao ukanyanyuka, ukainamisha vichwa, ukaondoka kwenda kumlaki mwenzake. Nyuma yao wanawake walishindilia kila cheche iliyothubutu kuvuka njia. Mioto miwili ilipokutana kulitokea mlio kama lori linalomwaga mawe, nguzo ya miali ikapanda juu kuliko mnara wa simu, halafu, kwa ghafla ambayo masikio yaliikataa, kimya. Majivu yakawa yanashuka taratibu juu ya kila mtu.

Skolastika aliketi chini palepale njiani. Dabuo akaja, mweusi kuanzia utosini, meno tu ndiyo yaliyoonekana. Akachuchumaa mbele yake.

"Kamanda," akasema, "shule ipo."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwita hivyo. Akalia, akiwa amefunika uso kwa ule mkono wenye kovu, na Dabuo akakaa kando yake mpaka alipomaliza.

*

Gbarituo walipoteza nyumba kumi na tatu. Baada ya wiki tatu wazee wao walikuja Kuotang na kokwa za kola, zawadi ya heshima, na kanga wawili, wakiomba kufundishwa. Walisalimia, wakanywa maji, wakauliza mkuu wa kikosi yuko wapi, huku macho yao yakimtafuta mwanaume mwenye umbo la kazi hiyo. Wengi walimkazia Dabuo.

"Siyo mimi," Dabuo akasema, akanyoosha kidole. "Yule pale anayepepeta karanga. Mke wa mdogo wangu. Aliwahi kunichomea nyasi zangu zote za paa, kwa hiyo mjue mnachokitafuta."

Linus naye ana yake ya kusimulia. Akiwa kituo cha malori Techiman alisikia watu wa kaskazini wakizungumza juu ya kijiji ambacho moto ulikimbizwa na mwanamke. Akasema, "Huyo ni mke wangu." Wakamwambia anyamaze asijipe sifa za watu. Alipowaonyesha picha kwenye simu, walimlipia chakula, wali na samaki, na Linus anasema hajawahi kula chakula kitamu kama kile.

Sasa vijiji saba vimejifunza. Skolastika amefika vyote kwa miguu au nyuma ya pikipiki ya Akolgo, ambaye amepandishwa cheo mara mbili na hajapunguza matusi. Miti ya shea iliyochipuka kwenye visiki imeanza kuzaa, mapema kuliko watu walivyotegemea, maana mizizi ilikuwa hai siku zote. Mabinti zake wameziokota kokwa hizo kwa vikapu.

Novemba iliyopita wilaya iliandaa hafla ya kuwatunuku watu waliolitumikia eneo lao. Skolastika aliwekwa safu ya mbele, amevaa kitambaa kilichofumwa kwa mistari ya bluu na nyeupe, kiti chake kina jina. Hafla ilifanyika kiwanjani Kuotang kwa heshima yake. Wa kwanza kuhutubia alizungumza saa nzima. Wa pili alianza kwa kusema hatakuwa na mengi, watu wakajua ni mengi. Skolastika alikuwa akitazama nyasi za pembeni ya kiwanja. Akainama, akang'oa mmoja, akaukunja. Ta! Nyuzi zikaushikilia. Akatazama jua: saa tisa na robo. Upepo ulikuwa umetulia kama ulioagizwa.

Akamnong'oneza Eulalia. Eulalia akamnong'oneza jirani. Safu ya mbele ikaanza kupungua mtu mmoja mmoja, kisha ya pili, na mhutubu aliponyanyua macho kwenye karatasi yake alikuta anawahutubia wageni waalikwa na mbuzi.

Akolgo aliwafuata mlimani, sare yake imepigwa pasi, cheti mkononi ndani ya fremu ya kioo. Alimkuta Skolastika amefunga kile kitambaa kizuri kiunoni, amesimama kwenye mstari wa udongo, moto mdogo wa kimo cha magoti ukitambaa mbele yake kwa utiifu, na watu wenye vipigio wamejipanga kushoto na kulia, nusu yao wakiwa wamevaa nguo za kanisani.

"Wewe mtumwa! Mgeni rasmi anakusubiri!"

"Yeye anaweza kusubiri, nyasi haziwezi. Nisomee hapahapa."

"Kwenye moshi?"

"Mfrafra anaogopa moshi? Mbwa mnawachomea wapi?"

Akolgo akakohoa, akafuta machozi ya moshi, akasimama wima kama yuko gwaride, akasoma kwa ile sauti yake ya kuhubiri. Alisoma jina lake lote, jina la baba yake, jina la kijiji, na miaka kumi na minane bila nyumba hata moja kuungua Kuotang tangu kikosi kiundwe, ukiacha tu mafungu ya nyasi za Dabuo.

"Hayo hayamo kwenye cheti!" Dabuo akapiga kelele kutoka ng'ambo ya moto.

"Nimeongeza mimi!"

Wote wakacheka, mstari mzima, kushoto hadi kulia. Skolastika alipokea cheti, akakitazama mara moja tu, akamkabidhi Eulalia akishike mbali na cheche. Kisha akamgeukia msichana aliyekuwa ameachia mwanya kati yake na mwenzake, akamwambia asogee hatua tatu, na moto ukaendelea kushuka kilima polepole kuelekea mtoni, mahali ambapo jioni umande ungekuja kuuzima.